Mchimba visima aliyekataa kuitika

Saa tano asubuhi, mtaa wa Morotonga. Jua limeshachoma mabati ya Mugumu hadi yanalia, lakini kwenye mdomo wa kisima kipya, nyuma ya nyumba ya karani mmoja mstaafu, hewa inayopanda kutoka chini ni ya baridi kama ya pangoni.

Tamimu Shamsudin amepiga magoti ukingoni. Anashusha kandili iliyowashwa kwa kamba, taratibu, macho hayabanduki kwenye mwali. Mwali ukififia, hewa ya chini ni mbaya na hakuna mtu atakayeshuka. Leo hauyumbi. Anaipandisha kandili, anaizima, kisha anamwashiria kwa kichwa mchimbaji wake, mwanamume mwenye mabega mapana aliyevaa kofia ngumu ya njano. Mwanamume yule anashika kamba na kuzama ardhini.

Kuanzia hapo hakuna anayepaza sauti. Ndoo ikijaa, kamba inavutwa. Mtu akitaka kutoka, kamba inavutwa kwa namna nyingine. Wanaume wawili walioshika kamba juu wanafanya kazi kama watu walio msibani.

Mama mwenye nyumba anakuja na birika la chai. Anachungulia shimoni, anavuta pumzi ili amwite aliye chini aje anywe. Tamimu anainua mkono haraka.

"Usimwite jina, mama."

"Kwa nini?"

"Hapa mtu akiwa chini haitwi jina. Haitwi na yeyote. Ili siku akisikia anaitwa, ajue si sisi."

Mama anaweka birika chini, anarudi ndani bila kuuliza tena.

Sheria hiyo Tamimu hakuipata kwa kufikiri. Ilianzia kijijini Ringwani, miaka kumi na moja iliyopita, siku ambayo kaka yake aliitika.

Tamimu ana umri wa miaka hamsini na sita. Babu yake mzaa baba alikuja Serengeti kutoka Pangani akiwa fundi mwashi, akaoa, akasahau kurudi. Mama yake ni Mnata, kabila la hapahapa Serengeti. Mwenyewe anasema Kiswahili chake ni cha baba, lakini akijigonga kidole hulalamika kwa lugha ya mama. Kazi ya visima alifundishwa na kaka yake mkubwa, Dullah, aliyemtangulia kwa miaka minne. Kwa futi moja ya udongo laini hulipwa elfu kumi na tano. Wakifika kwenye mwamba wanakaa chini na mwenye kisima kupatana upya.

"Dullah alikuwa na mkono wa kuchimba," anasema Tamimu. "Ukuta wa kisima chake ungedhani umepigwa randa. Watu wa Tarime walikuwa wanakuja kumchukua mpaka huku, wakati wao wana wachimbaji wao."

Aliyekuwa ameshika kamba siku ile ya Ringwani ni Isack Nyangwine, Mkurya wa Nyarero, ambaye bado anafanya kazi na Tamimu. Isack si mtu wa maneno mengi. Kisa hiki anakisimulia akiwa ameyaelekeza macho yake kwingine.

"Ilikuwa mchana kweupe. Wenye boma wanaanika mtama, kuku wanafukuzwa. Dullah alikuwa chini, tulishaanza kuona unyevu. Akauliza, 'Nani ananiita?' Nikamwambia hakuna aliyekuita, mura, wewe chimba. Akanyamaza. Akauliza tena, 'Isack, ni nani huyo ananiita?' Nikachungulia. Nikamwona amesimama, ameinamisha kichwa. Alikuwa anasikiliza chini. Hakuwa anasikiliza kwetu juu."

Isack anakung'uta udongo viganjani.

"Halafu nikamsikia anasema, 'Naam.' Kwa adabu, kama unavyomwitikia mzazi."

Kamba haikuvutwa tena. Isack alipoteremka alimkuta Dullah ameketi, mgongo umeegemea ukuta, koleo limelala mapajani, macho wazi. Hakuwa na jeraha. Udongo haukuwa umeporomoka. Kandili waliyoishusha baadaye iliwaka vizuri mpaka chini, kwa hiyo haikuwa hewa. Dullah alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Kisima kilifukiwa wiki hiyohiyo. Watu walisema kimemchukua. Hakuna aliyetaja moyo.

Baada ya mazishi Tamimu alitaka kuiacha kazi, lakini hakuwa na nyingine. Alirudi kwenye kamba na sururu, na kwa miaka mingi hakikutokea chochote. Visima vilichimbwa, maji yakatoka, watu wakanywa.

Kisha, kiangazi cha miaka mitatu iliyopita, akiwa chini ya kisima huko Nyarero, aliitwa.

"Nilikuwa nimeinua sururu," anasimulia. "Sauti ilitoka chini ya miguu yangu. Ilikuwa ya Dullah. Sisemi ilifanana na yake, ilikuwa yake. Akasema, 'Tami.' Hilo jina hakuna mwingine aliyelitumia. Mama hakulitumia, mke wangu halitumii. Lilikuwa la kwetu wawili tangu tunachunga mbuzi."

Palepale kifua kilibana. Anasema ilikuwa kama mtu amemwekea karavati la zege, ile pete ya kujengea kuta za kisima, juu ya mbavu. Mkono wa kushoto uliingia uzito, taya likauma, jasho la baridi likamtiririka katikati ya joto la kiangazi. Ulimi wake, anasema, ulijiinua wenyewe kutaka kuitika. Akauma mdomo mpaka akaonja damu, akavuta kamba.

Isack alipomfikisha juu, hakumwuliza kitu. "Uso wake ulikuwa rangi ya majivu," anasema. "Nikajua. Nikampa maji tu."

Tamimu alikaa kivulini, na baada ya muda maumivu yakaondoka kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Kesho yake alishuka tena, maana kisima cha mtu hakiachwi nusu. Sauti ikarudi, na karavati likarudi pamoja nayo. Ikawa hivyo kwenye kisima kilichofuata, na kingine. Kila alipotumia nguvu nyingi aliitwa. Kila alipopumzika sauti ilikoma.

Kilichomtisha zaidi kilitokea juu ya ardhi. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye mfuko wa saruji kwenye mteremko wa kuingia Mugumu, watu wakipita pande zote, redio ya kinyozi inaimba. Akaitwa. "Tami." Kwa karibu, kana kwamba mwitaji ameshika kiti cha baiskeli.

"Siku zote nilidhani yuko kwenye visima," anasema. "Siku ile nikajua anatembea na mimi."

Mke wake, Maua, ni mwalimu wa shule ya msingi. Alipangiwa kazi Serengeti akitokea Kondoa, akiwa msichana, na hapo ndipo alipokutana na fundi aliyekuja kuchimba kisima cha shule. Yeye ndiye aliyeona mabadiliko.

"Nilikuwa namkuta amesimama uani, amejifunika mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka," anasema Mwalimu Maua. "Mwanzoni nilidhani anataka kutapika. Siku moja nikamshika bega, nikamwambia, baba, kama kuna kitu kinakula ndani yako, mimi si mgeni humu. Akanieleza yote. Nilihisi nywele zinasimama, maana mazishi ya shemeji yangu niliyaona kwa macho yangu."

Duka la dawa liliwapa dawa ya vidonda vya tumbo. Sheikh wa msikitini alimsomea. Alipomaliza kisomo alimwangalia Tamimu anavyovaa viatu, akamwambia Maua pembeni, "Mimi nimemaliza sehemu yangu. Huyu mtu anahema kwa kufunga kamba za viatu. Mpelekeni akapimwe moyo."

Hospitalini Mugumu walimkuta na sukari ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuwapendeza. Wakamwandikia rufaa kwenda Mwanza, na Mwanza wakampeleka Dar es Salaam, kwenye wodi ya moyo. Bima ya Maua ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. "Bila chaki za mke wangu ningeshakufa," anasema Tamimu, na hapo kidogo anatabasamu.

Dar es Salaam walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wakamwaga dawa inayoonyesha njia za damu, na picha zikatokea kwenye kioo pembeni ya kitanda. Alikuwa macho wakati wote.

"Niliuona moyo wangu," anasema. "Unaruka pale mbele yangu kama mnyama aliyefungwa. Ile dawa inapita kama mizizi myeusi, mara mzizi unakatika katikati. Unaendelea mbele, tena umekatika. Nikasema, kumbe humu ndani pamefukiwa."

Daktari wake alikuwa Dokta Honoratha, bingwa wa moyo, mwanamke wa makamo anayeongea polepole. Kabla ya kueleza chochote aliuliza swali moja: katika familia yao, kuna aliyefariki ghafla?

"Kaka yangu. Kisimani."

"Alianguka?"

"Hapana. Tulimkuta ameketi."

"Kabla ya hapo alikuwa analalamika kifua?"

Tamimu alifikiri. Akakumbuka kuwa mwaka ule wa mwisho Dullah alikuwa halali bila kulamba magadi. Alisema ni kiungulia, na kwamba kiungulia chake ni cha ajabu, kinampata akichimba na kinamwacha akiketi.

Daktari aliinamisha kichwa, na Maua anasema ndipo kwa mara ya kwanza aliona machozi ya mume wake.

Kisha Dokta Honoratha akawaeleza njia mbili.

"Ya kwanza ni kuzibua," alisema. "Tunapita kwenye mshipa wa mkono kama tulivyopita leo, tunafika kwenye kizibo, tunakipanua kwa kiputo, halafu tunaacha pale stenti, kibomba kidogo cha wavu wa chuma, kiushikilie mshipa usijifunge tena. Unakuwa macho. Kidonda chake ni kama cha sindano. Siku chache uko kwako, ila utameza dawa za kuzuia damu kuganda, na hizo huruki hata siku moja."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni upasuaji. Tunafungua kifua. Tunachukua mshipa mguuni, na mwingine nyuma ya mfupa wa kifua, tunaishona ipite pembeni ya vizibo. Kizibo tunakiacha palepale kilipo. Damu inapata barabara ya mchepuko."

Mwalimu Maua, ambaye alikuwa hajacheka tangu watoke Mugumu, aliangua kicheko. "Kwa hiyo daktari unataka kumpa mume wangu mchepuko?"

"Mitatu," alisema Dokta Honoratha, naye akacheka.

Halafu akawa mkavu tena. Alimweleza Tamimu kwamba angekuwa na kizibo kimoja, asingefikiria kumpasua. Angemwekea stenti na kumrudisha kwake. Lakini mishipa yake mitatu ilikuwa imeziba, na kizibo kimojawapo kilikaa kwenye shina lenyewe la mshipa wa kushoto. Juu ya hayo, ana kisukari.

"Stenti kwako inawezekana, sitakudanganya," alisema. "Lakini kwa mtu wa namna yako uwezekano wa kurudi tena hapa ni mkubwa zaidi, na wa kupata shambulio la moyo baadaye pia. Upasuaji ni mzito mwanzoni. Una hatari zake mezani, kuna watu hupata kiharusi, kuna vidonda huchelewa kupona, na utakaa miezi bila kuinua kitu. Ila ukishavuka, kwa miaka inayokuja ndio unaokulinda zaidi. Uamuzi ni wenu. Mimi ningechagua upasuaji."

Tamimu aliuliza jambo moja tu. Wakati wanashona, moyo unakuwa unaruka vilevile?

"Hapana. Tunausimamisha, ili mikono itulie. Mashine inasukuma damu badala yake."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja na zaidi. Inaweza kufika mbili."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Daktari aliweka kalamu mezani. "Utakuwa pale mezani, mbele yetu," alijibu. Lakini alichelewa kidogo kujibu, na Tamimu alikuona kule kuchelewa.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mkulima wa Ringwani aitwaye Selestine, mcheshi, mwenye kizibo kimoja. Yeye aliwekewa stenti, na kesho yake alikuwa anazunguka wodini akiwamenyea wenzake machungwa. Alimwonyesha Tamimu alama ndogo kwenye kifundo cha mkono.

"Tazama, ndugu yangu. Mbu angeniachia kubwa kuliko hii. Chukua stenti, twende zetu."

Tamimu alimwuliza kama, siku kifua kilipombana, alisikia kitu.

"Nilimsikia mke wangu anapiga kelele. Ulitaka nisikie nini tena?"

Baadaye, katika mazungumzo ya wagonjwa, Selestine alisikia kwamba mwenzake ni mchimba visima. Akamsimulia, bila kujua anamsimulia nani, kwamba kijijini kwao kuna kisima kilichofukiwa zamani baada ya fundi kufia ndani. Pameota nyasi nzuri, alisema, za kijani hata kiangazi. Ng'ombe hawazili. Wakifika pale wanagawanyika, wengine kushoto, wengine kulia, kisha wanakutana mbele.

Tamimu hakumwambia kuwa fundi yule ni kaka yake. Alijifunika shuka mpaka kichwani.

Jioni ile, saa ya kuona wagonjwa, alimweleza Maua kwamba amechagua stenti.

"Unaogopa kisu?" Maua alimwuliza.

"Kisu nimekizoea. Naogopa kuitika." Alimshika mkono. "Nikiwa macho najizuia, mama. Nauma mdomo. Wakishanilaza na moyo wakausimamisha, akaniita, nani atanizuia? Na stenti nakuwa macho. Unaelewa?"

Maua anasema alielewa, na ndiyo maana hakumcheka. Alimfunika mume wake miguu vizuri kwa shuka. Kisha akamwambia, "Dokta anasema ukichukua njia nyepesi, huenda ukarudi hapa. Na kila utakapobanwa, ataita. Utauma mdomo mpaka lini? Kubali wakupasue. Mimi nitakaa mlangoni."

Siku ya upasuaji Mwalimu Maua aliketi kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Ndugu wa wagonjwa wengine walikuwapo, wanasinzia, wanasali, wanakula mihogo kwenye mifuko. Ilipofika mchana karibu wote walikuwa wamekwenda kutafuta chakula.

Sehemu hii Tamimu hakuwahi kuambiwa mpaka alipokuwa amerudi nyumbani na kidonda kimefunga. Hata sasa, mke wake anapoisimulia, yeye hutoka nje.

"Korido ilikuwa tupu, jua linaingia dirishani," anasema Mwalimu Maua. "Nikasikia mtu anaita, 'Tami.' Kwa upole. Nikageuka nikidhani nimesinzia. Hakukuwa na mtu. Ikaita tena, sasa iko karibu na ule mlango wa chumba cha upasuaji. Ilikuwa sauti ya shemeji yangu Dullah. Nilipika chakula chake miaka kumi na mitano, siwezi kuikosea."

"Ukafanya nini, Mwalimu?" mwandishi anamwuliza.

"Nilijua kwamba hairuhusiwi kuitika. Lakini nikajiwazia, hakuniita mimi. Kama mtu anamwita mume wako na mume wako hayupo, unasemaje? Nikasimama. Nikasema, 'Shikamoo, shemeji. Hayupo. Ana kazi.'"

Anatazama mikono yake iliyo mapajani.

"Kukawa kimya. Halafu nikasikia hatua zinakwenda. Hatua za mtu aliyevaa gambuti, zenye maji ndani. Zikapita mbele yangu, zikashuka ngazi."

Muuguzi aliyetoka baadaye alimkuta amesimama katikati ya korido. Alimwambia upasuaji umekwenda vizuri na moyo umeanza kupiga wenyewe. Maua aliuliza ulianza lini. Muuguzi akamwambia, sasa hivi tu.

Tamimu mwenyewe hakusikia lolote. Anasema alijiandaa kwa kila hali, alilala mezani akiwa ameuma meno, na kilichofuata ni koo kavu, mirija, na mwanamke anayemwambia apumue.

Hakupona kwa wepesi wa Selestine. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikumbatia mto kila anapotaka kukohoa, ili mfupa wa kifua usifunguke. Mguu uliotolewa mshipa ulivimba. Hakuruhusiwa kuinua hata ndoo ya maji ya kuogea, na mtu aliyeishi kwa kuinua ndoo alijiona mzigo. Kidonda cha mguuni kilichelewa kwa sababu ya sukari. Msimu wa mvua, anasema, mfupa wa kifua bado humlia kama mlango wa zamani.

Leo ni mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu apasuliwe. Anapanda mteremko wa Mugumu akiongea. Hajaitwa tena.

Dokta Honoratha, aliyezungumza na gazeti hili kwa simu, anafurahia maendeleo ya mgonjwa wake. Kuhusu sauti anachagua maneno. "Mtu mwenye maumivu makali na hofu anaweza kusikia mambo. Hilo naweza kulieleza," anasema. "Ya Mwalimu Maua siwezi. Aliomba apimwe, nikampima mwenyewe. Moyo wake ni mzima kabisa."

Kwa mchimbaji, kupona kungeweza kuwa mwisho wa hadithi. Lakini mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, mlango wa Tamimu ulibishwa na Kauthar, binti mkubwa wa Dullah. Kauthar ana miaka thelathini na saba na anauza mitumba katika soko la Mugumu. Alikaa na Maua jikoni muda mrefu. Kisha Maua akamwita mume wake.

"Mwambie baba yako mdogo ulichoniambia."

Kauthar alivutavuta ncha ya mtandio. "Baba mdogo, nimeanza kusikia baba ananiita."

Tamimu hakumwuliza alisikia nini wala mara ngapi. Alimwuliza alikuwa anafanya nini.

"Nimejitwika belo la mitumba. Napanda kutoka stendi."

"Na kifua?"

Binti aliweka ngumi katikati ya kifua chake na kuibana. Tamimu alikuwa ameshaona watu wengi wodini wakionyesha kwa ngumi ileile.

"Uliitika?"

"Hapana. Lakini, baba mdogo," alisema Kauthar, na hapa ndipo sauti ilimkatika, "ni baba yangu. Sijamsikia miaka kumi na moja. Natamani kuitika."

Hawakusubiri Jumatatu. Kesho yake walikuwa hospitalini. Sukari ya Kauthar ilikuwa juu, presha juu, na kipimo cha umeme wa moyo kilimfanya daktari amwite mwenzake. Amepewa vidonge na rufaa ya Mwanza. Ameambiwa kwamba kwa umri wake, na kwa kuwa amewahi, huenda dawa pekee zikatosha, au stenti moja. Mpaka wamwone ndani hawawezi kusema. Belo sasa hubebwa na mkokoteni.

Alipoulizwa kama anadhani baba yake anawaita ili wamfuate au ili kuwaonya, Kauthar alijibu kwamba anaamini anawaonya. Baba yake alikuwa mpole, hakuwa mtu wa kumtakia mwanawe kifo.

Tamimu alisikia jibu hilo akiwa amekaa kizingitini. Hakulikubali wala kulikataa. "Mimi sijui anataka nini," alisema. "Na sitaki kumwuliza."

Kushuka kisimani ameacha. Huchagua mahali pa kuchimba, hupima hewa, husimamia kamba, na wachimbaji wake wawili hawaanzi kazi mpaka wamepimwa presha. Wanaona ni usumbufu. Anawaambia watafute bosi mwingine, na hawatafuti.

Mpango wake wa sasa ni watoto wa Dullah. Walibaki watano. Watatu wameshapimwa na wako salama. Kauthar anasafiri naye wiki ijayo kwenda Mwanza. Aliyebaki ni mdogo wao, Yasmini, mwenye kibanda cha kubadilisha fedha Sirari, mpakani, ambaye hataki kusikia habari za hospitali.

"Baba mdogo, mimi niko tu fiti," alimwambia kwenye simu, kwa lafudhi ya Kenya, ng'ambo ile aliyoizoea. "Hizo stori za kuitwa wachana nazo. Niko bize."

Tamimu hakubishana naye. Alimwuliza nyumba aliyopanga iko wapi, naye akamweleza: juu kwenye kilima, nyuma ya kanisa, unapanda kidogo.

Atakwenda akitoka Mwanza. Anasema hatampeleka mtu hospitalini kwa nguvu, na hatamwuliza kama ameitwa, maana huyo binti ni mbishi na atakana.

"Nitafika kibandani kwake jioni, nimsalimie, tukifunge pamoja," anasema. "Halafu nitamwambia atangulie tukipanda kwake. Mimi nitakaa nyuma. Namtaka aongee njia nzima, na mimi nimsikilize anavyopumua."